Nguzo ya Kwanza Ishike Wewe, Awuor

Kwa Awuor,

Hujambo sitauliza, maana tumelala nyumba moja na asubuhi nimekusikia ukigombana na zipu ya begi. Umeenda Kondele kusukwa, na ninavyokujua wewe na yule msusi wako, maneno yatachelewesha nywele, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Ukiona maandishi ni manene, usishangae. Hii ni penseli ya seremala. Kalamu zote za nyumba hii umezifunga kwenye mizigo yako.

Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango na kutotembea na simu mkononi sitayaandika. Shangazi zako watakuja kesho kukusindikiza na watakuambia hayo mpaka dereva apige honi. Wewe unajua kupika kuliko mimi, na kufua unafua mpaka shati linaomba msamaha. Mimi nina jambo moja tu, na nimekasirika. Nimekasirika tangu Jumapili, na hasira yenyewe haijapoa hata baada ya kulala nayo.

Tulikuwa tunakula. Mkono wako ulikuwa na mafuta ya samaki, ukaiweka simu mezani ukafungua sauti. Mkubwa wako wa Nairobi alikuwa anaongea na mimi nikaacha kutafuna, ndiyo maana nakumbuka kila neno.

“Awuor, ile michoro yako ya vibanda, wateja wameipenda. Nairobi, Mombasa, Eldoret, vyote tunajenga vile ulivyochora. Sasa, siku ya kusimamisha, utaongoza mafundi wewe mwenyewe, ama nikupangie mtu?”

Nyathina, mwanangu, huyo mtu alikuuliza. Nimerudia maneno yake kichwani nikifua, nikisonga ugali, nikiwa kanisani kwenye maombi ya jioni hata, Mungu anisamehe. Kila mara naona aliuliza. Hakukataza. Na wewe ukajibu nini?

“Nipangie tu mtu, boss. Mimi nitakuja baadaye nifanye mapambo.”

Mapambo! Msichana aliyechora vibanda vya maonyesho vya miji mitatu mikubwa, vyenye ghorofa ndani na ngazi na taa zilizofichwa, anaomba kwa mdomo wake aletwe baadaye kupanga maua!

“Una uhakika?” akauliza tena. Mara ya pili hiyo.

“Iko sawa tu.”

“Haya. Nitapanga mtu Jumatano mchana. Ukibadilisha nia, nipigie kabla.”

Nikakuuliza, “Mapambo ya nani, Awuor? Kuna mtu anaolewa huko?”

“Mathe, tulia. Wale mafundi ni wanaume watupu, hawanijui. Wacha wasimamishe kwanza, mimi nitaingia polepole.”

“Nani amekuambia hawatakusikiliza?”

“Hakuna. Lakini si unajua watu.” Kisha ukavuta mwiba wa samaki kutoka mdomoni, ukaniangalia, ukasema: “Na wewe je? Si ulikuwa na Baba Owino?”

Nikainuka nikaenda kuanua nguo. Nguo zenyewe zilikuwa bado zinadondosha maji. Nikaziingiza hivyo hivyo ndani, nikazitandika juu ya viti kama mtu mwenye akili zake. Tangu hapo mimi na wewe tunaongea habari za chumvi na maji ya kuoga.

Lakini swali lako lilikuwa swali, na nitalijibu. Si kwa sababu ulistahili kuniuliza hivyo mbele ya chakula. Ni kwa sababu unadhani unaijua hiyo hadithi, na hujui hata nusu.

Baba yako alipofariki wewe ulikuwa unalilia maziwa. Aliniachia wewe, na msumeno, na randa, na kibanda cha kutengenezea vitanda pale Kibuye. Watu walidhani nitauza vyombo. Nilikuwa nimekaa kando yake miaka nikimshikia mbao, na mtu aliyeshika mbao muda mrefu anajua inapokatwa. Nikaanza kutengeneza viti vilivyovunjika, kisha meza. Halafu siku moja Bwana Jaswant, yule mzee wa Kihindi aliyekuwa akiuza pampu za maji, akaja kutafuta mtu wa kumjengea kibanda cha maonyesho. Alitaka kibanda kimoja cha kuzunguka nacho: kianze hapa Kisumu, kifunguliwe, kipakiwe kwenye pikapu, kisimame Ahero, kifunguliwe tena, kiende Kisii. Mafundi wote wa Kibuye walimwambia haiwezekani, ajenge vitatu. Mimi nikamwambia inawezekana.

Na iliwezekana! Hilo nitalisema mpaka nizikwe. Hapa Kisumu tatizo ni upepo wa ziwa. Asubuhi umelala, mchana unakuja kama mtu anayedai mke wake. Wenzangu walikuwa wanafunga bango zima juu ya kibanda kama tanga la mashua, na mwaka mmoja bango la jirani yangu lilipatikana limefunika choo cha wanaume na mtu yuko ndani. Langu nililitoboa matundu, upepo ukapita ukaenda zake. Ahero tatizo ni udongo, ule mweusi, ukinyeshewa unavimba na kusukuma nguzo juu kama jino. Nikaweka miguu mipana chini ya kila nguzo. Kisii ni mteremko, kwa hiyo mbao za mbele nilizikata ndefu. Kila mji nikazipaka mbao zake rangi yake, ili hata fundi asiyejua kusoma ajue ya kushusha na ya kuacha kwenye gari. Nilifika darasa la saba tu, Awuor. Hakuna aliyenifundisha hayo. Unapojisifu huko Nairobi kwamba ulizaliwa na kichwa cha kupanga vitu, ujue kichwa hicho hukukiokota barabarani.

Sasa Owino.

Wewe unajua kwetu boma halianzishwi na mwanamke. Nguzo ya kwanza inashikwa na mwanamume wa ukoo, na mjane hujengewa na ndugu za mumewe. Ukivuka hapo, watu wanakaa kungoja chira, ile laana ya mwiko, ikuingilie, mtoto akonde, ng’ombe wafe, wewe mwenyewe ukauke kama dagaa wa omena. Unafikiri wazee walikuja kwangu wakanikataza nisijenge vibanda vya maonyesho? Unafikiri Owino, baba yako mdogo, alikuja na fimbo akasema yeye ndiye atashika nguzo? Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukiamini, nilikuona usoni Jumapili.

Hakuna aliyekuja. Mimi ndiye niliyepanda gari mpaka Katito, na kilo ya sukari kwenye mfuko, nikaenda kumwomba.

“Shemeji,” nikamwambia, “njoo unishikie nguzo ya kwanza, watu wasije wakasema.”

Owino akacheka mpaka akaweka chini redio aliyokuwa akiitengeneza. “Nguzo ya nini? Si ni kibanda cha pampu? Nani atalala humo? Nani atapika? Au pampu zinaoa?”

“Shemeji, mimi ni mjane. Nina mtoto.”

“Lakini kuna mtu amekuambia kitu?”

“Bado.”

Bado, Awuor! Hilo neno “bado” nililisema mimi kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimejibu kesi ambayo hakuna aliyenishtaki. Na Owino, kwa sababu ana moyo mzuri na alikuwa hana kazi ya maana wiki hiyo, akaja. Alishika nguzo ya kwanza ya Kisumu, akaja Ahero akashika ya Ahero, akaenda Kisii akashika ya Kisii. Mara ya kwanza alikuwa na aibu. Mwaka wa pili alinunua kofia ngumu ya manjano. Mwaka wa tatu alikuwa anatembea na futi kiunoni, ingawa hata leo hajui upande gani unaanza kusomwa. Wateja wakifika wanamsalimia yeye, “Habari ya kazi, Injinia?” Mimi nawashikia vikombe. Na kuna mmoja, alikuwa anauza matrekta, aliniambia hivi, sijasahau: “Mama, chai yako ni tamu kuliko hiki kibanda.” Kibanda changu mwenyewe! Nilimwongezea sukari. Nilipaswa kumwongezea chumvi.

Unaweza kumlaumu Owino. Mimi nilimlaumu miaka. Lakini mtu akikaribishwa kwenye kiti kila siku, siku moja ataona ni kiti chake, na aliyemkaribisha hana haki ya kushangaa.

Kisha ikaja siku ya Ahero ambayo hujawahi kuisikia kwa ukweli wake, kwa sababu kila nikiisimulia huwa naifanya fupi.

Tulikuwa tumechimba mashimo tangu asubuhi. Mbao zilikuwa chini, vijana wako tayari, na Owino hajafika. Simu yake imezimwa. Wingu lilikuwa linapanda upande wa Nyando, na wewe unajua mashimo ya Ahero mvua ikiyapata ni visima. Okech, kiongozi wa vijana wangu, akaniuliza, “Mama, tuanze?” Nikasema tungoje. Akauliza tena. Nikasema tungoje. Vijana wakakaa juu ya mbao wakaanza kucheza drafti kwa vizibo vya soda.

Bwana Jaswant akafika kuona kazi yake. Maonyesho yalikuwa yanafunguliwa kesho yake, majirani wetu walikuwa tayari wanapiga rangi, na kwetu kuna mashimo na watu wanaocheza drafti.

“Mama Awuor,” akasema, “unangoja nini?”

Nikafungua mdomo. Na hapo, nyathina, ndipo nilipokwama. Ningemwambia nini? Namngoja shemeji aje aguse mti? Kwa Kidholuo, kwa mtu wa kwetu, jambo hilo lina miguu. Lakini jaribu kulisema kwa Kiswahili mchana kweupe kwa mzee mwenye pampu zake kwenye lori. Nikamwambia hivyo hivyo lilivyo. “Namngoja shemeji ashike nguzo ya kwanza. Mimi mwanamke siwezi.”

Hakucheka. Afadhali angecheka. Alifikiria, akakunja mikono ya shati, akasema, “Basi niishike mimi?”

Na Awuor, nikakaribia kusema ndiyo. Niliangalia kilemba chake na ndevu zake nyeupe nikawaza, huyu pia ni mwanamume, labda itafaa. Mzee wa watu mwenye mgongo mbovu! Mimi niliyejua kila shimo pale lina kina gani, nilikuwa tayari kumkabidhi nguzo mtu yeyote duniani mradi si mimi.

Ndipo hasira ikanipanda. Si kwa yeye, si kwa Owino. Nilijikasirikia mwenyewe mpaka masikio yakawa moto. Nikaichukua ile nguzo, nikaibeba begani, nikaisimamisha kwenye shimo la kona na kuita, “Okech, udongo!”

Okech akatazama upande wa barabara kama anatafuta gari. “Mama,” akasema, “mimi sijaona kitu. Jicho langu limeingiwa na vumbi.” Lakini akaleta udongo. Vijana wengine nao wakaja, kila mmoja na vumbi kwenye jicho lake. Tulimaliza paa matone ya kwanza yakianguka, na pampu za Bwana Jaswant hazikulowa hata moja.

Owino nilimpata baadaye. Nikamfokea, nikamwambia ameniaibisha. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. “Kwani ulikuwa bado unaningoja mimi? Shemeji, hata mimi nilishachoka na hizo safari. Nilikuwa naona haya kukuambia, nikafikiri nikikataa utasema nimekutupa.” Fikiria! Miaka yote ile yeye anakuja kwa ajili yangu, mimi namwita kwa ajili ya watu, na watu wenyewe wako kwao wanapalilia mahindi, hawana habari na sisi.

Miezi baada ya hapo nilikuwa nakutazama usiku na mchana. Ukikohoa nakushika paji la uso. Nilikubeba mbio kwa daktari, akakuangalia masikio na koo akasema mtoto huyu amekula vumbi la mbao, usimwache acheze karibu na randa. Chira haikuja. Ulinenepa. Ulinenepa hata nikaulizwa kanisani nakulisha nini.

Ungedhani basi nilijifunza. Hapana. Mkono ulijifunza, mdomo ukabaki nyuma. Uliona mwenyewe, ulikuwa umeshaanza shule ya upili, maonyesho ya hapa Kisumu, mgeni wa heshima alipita akasimama mbele ya kibanda chetu akapenda ile dari ya mafunjo ya ziwani. Akauliza, “Nani amejenga hiki?” Wewe ulikuwa kando yangu, umeshika mkebe wa misumari. Na mimi nikaonyesha kidole kwa Owino, ambaye alikuwa amekuja tu kula bure. Owino mwenyewe alishtuka, akatazama nyuma yake kuona anaonyeshwa nani! Wewe ukanitazama. Nilijua umeona, lakini sikujua umeweka akiba mpaka Jumapili hii, juu ya samaki.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, nilikuwa na Owino. Lakini usinirushie Owino kama kisingizio, maana Owino hakunizuia. Hakuna siku hata moja mtu alisimama mbele yangu akasema, “Adoyo, ondoka hapo.” Nilikuwa naondoka kabla hawajafika. Na kinachonichoma ni kwamba wewe, na diploma yako, na kompyuta yako inayozungusha kibanda kila upande kama kuku kwenye moto, umefanya kitu kile kile, kwa haraka kuliko mimi. Mimi angalau nilipanda gari mpaka Katito. Wewe ulifanya hata mkono hujanawa.

Unasema mafundi wa huko hawakujui. Watakujuaje kama umekuja na maua? Watamjua huyo mtu aliyepangwa. Kibanda kikipinda watamwita yeye, kikinyooka watampongeza yeye, na mteja akiuliza nani amejenga, utaonyesha kidole, nao mkono wako utainuka wenyewe. Najua jinsi unavyoinuka. Na unaniambia huko ni ukumbi, sakafu ya saruji, hakuna shimo wala udongo, ni vyuma vya kufungwa kwa bolti. Sawa. Hata hivyo kuna chuma kinachotangulia kusimama, na kuna mtu anayekishika wakati bado hakuna kitu kingine, na kila aliyeko humo anamtazama yeye aseme kinachofuata. Mtu huyo ndiye mjenzi. Wengine wote ni wageni wake.

Sasa nitakuambia kitu na usipige kelele. Namba ya mkubwa wako ninayo. Jana uliponipa simu niiweke kwenye chaji, niliinakili. Leo mchana niliibonyeza yote, ikabaki kile kitufe cha kijani. Nilikuwa nimepanga maneno, mazuri sana, mengine ya Kiingereza. Nilikuwa nimwambie binti yangu hajui anachosema, ana haya tu, mpe kazi yake aongoze.

Kisha nikaizima. Kwa sababu nikimpigia mimi, nitakuwa nimekuletea Owino mwingine, tofauti ni kwamba huyu amefunga leso.

Mpigie wewe. Kesho asubuhi, kabla ya basi na kabla ya hiyo Jumatano mchana yake, ukiwa bado uko kwenu. Mwambie ulikosea, kwamba vibanda ulivyochora utavisimamisha mwenyewe. Labda atasema vizuri. Labda atasema ameshapata mtu, au atasema maneno ya kukuumiza, sijui, simjui. Akisema hapana, bado unaweza kupanda basi, kazi ni kazi, na mimi mwenyewe nitakubebea begi na sitanuna hata kidogo. Lakini hiyo hapana iwe ameitoa yeye, kwa mdomo wake, wewe ukisikia. Usimshonee. Mimi hapana zangu zote nilijishonea mwenyewe, zikanikaa vizuri kweli kweli, nikazivaa mpaka zikafifia.

Asubuhi nitakuwa nyuma ya nyumba naosha sufuria. Nitazigonga kwa nguvu ili ujue sikusikilizi. Nitakuwa nasikiliza.

Nakupenda, na bado nimekasirika. Vyote viwili ni vyako, ondoka navyo.

Mama yako,
Adoyo, mjenzi wa vibanda vya maonyesho,
Kisumu